Biashara na Masomo katika Njia ya Tabora

 Kaeni vizuri, sogezeni taa karibu, na kila mmoja afungue daftari lake. Mwenye karatasi ya somo hili afuate maneno kwa kidole wakati mwalimu wa darasa anaposoma. Asiye nayo asikilize, kisha amwombe jirani yake.

Wengi wenu mna kazi mchana. Mmoja anauza nyanya, mwingine anashona nguo, mwingine ana duka dogo la chumvi na mafuta ya taa, na mwingine anarina asali. Jioni mnakuja darasani mkiwa mmechoka. Najua kuna watu wanaowacheka. Husema, "Mtu mzima na kalamu wapi na wapi? Chagua moja, biashara au shule." Leo nataka tuwajibu watu hao kwa historia, maana hapa kwetu Tabora, na katika njia yote ya zamani kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa muda mrefu.

Siku hizi mtu wa Tabora mwenye duka anaweza kujiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, akasomea shahada ya biashara bila kufunga duka lake. Mchana anapima sukari, usiku anasoma hesabu za makampuni. Hilo ni jambo zuri, nasi tumwombee asichoke. Lakini zamani hapakuwa na chuo cha namna hiyo. Basi mfanyabiashara alisoma wapi? Alisoma njiani.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Waliotangulia kuipita hawakuwa Waarabu wala Wazungu. Walikuwa Wanyamwezi. Kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga nyumba huku, Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakichukua pembe za ndovu mpaka bahari, wakirudi na nguo na shanga. Safari ya kutoka pwani mpaka Unyanyembe ilichukua kama miezi mitatu kwa miguu. Katikati ilikuwapo nchi ya Ugogo, yenye maji haba, na kila mtemi wa huko alidai hongo. Angalieni neno hilo, *hongo*. Leo tukisema hongo tunasema uovu, fedha ya kificho ya kumpotosha mwenye madaraka. Siku zile hongo ilikuwa ushuru wa njia, ulitolewa mbele ya watu wote, na majadiliano yake yaliweza kuchukua siku kadhaa. Liandikeni daftarini.

Kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume kamili mpaka awe amekwenda pwani. Hata watoto waliofuatana na baba zao walipewa pembe ndogo wabebe, ili bega lizoee. Huo ulikuwa mwaka wao wa kwanza wa shule. Walijifunza mahali penye visima, lugha za watu, na njia ya kupatana bei. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60 au 70, na posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Mpagazi aliyekuwa na akili hakubeba mzigo wa tajiri tu. Alikuwa pia na biashara yake ndogo pembeni, na ujira wake akarudi kuugeuza ng'ombe au majembe. Tena wapagazi walijua nguvu yao. Tajiri akipunguza posho, waliweka mizigo chini na safari ikasimama. Mimi nasema wapagazi hawa walikuwa wafanyabiashara, ingawa vitabu vingi vimewaandika kana kwamba walikuwa punda.

Sasa tufike Tabora yenyewe. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa, na mahali hapo wakapaita Kazeh. Walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wakikaa katika nyumba za tembe, zenye kuta nene na baraza mbele, katika nchi ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa nini walikaa hapa? Kwa sababu wapagazi wa pwani mapatano yao yaliishia Unyanyembe. Mwenye msafara alilazimika kungoja, atafute wapagazi wapya wa kwenda Ujiji au Karagwe au Buganda. Kungoja kulikuwa kwa majuma, pengine kwa miezi. Na watu wanaongoja huzungumza. Barazani walipeana habari: pembe zina bei gani Ujiji, njia ipi ina vita, nguo gani inapendwa mwaka huu. Mgeni aliyekaa barazani akisikiliza kwa bidii aliondoka Tabora akijua mengi kuliko alipofika.

Masomo ya baraza ile yalikuwa magumu. Chukueni habari ya shanga. Burton aliandika kwamba ziko aina zipatazo 400. Kila nchi ilipenda aina yake. Zile nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa mahali pengi, lakini ukifika na shanga nyeupe mahali wanapotaka nyekundu, utarudi nazo, au utazitupa. Hebu fikirini mtu aliyekopa mali, akawalipa wapagazi miezi mitatu, akalipa hongo Ugogo yote, akafungua mizigo yake sokoni, watu wakatazama wakaenda zao. Hakuna mtihani mgumu kupita huo.

Somo lingine lilikuwa la vipimo. Nguo iliyopita zote ilikuwa merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyofumwa Marekani, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka moja. Shuka mbili zilifanya doti moja. Akina mama, ninyi mnalijua neno doti mpaka leo, maana khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Nguo nzima iliitwa jora. Haya, fanyeni hesabu hii: jora lina mikono 60. Ni shuka ngapi? Ni doti ngapi? Ngojeni kidogo kabla ya kusoma mbele.

Jibu ni shuka 15, yaani doti saba na shuka moja inayobaki. Na sasa ulizeni swali la pili, ambalo ndilo la biashara: huo mkono ni wa nani? Mtu mrefu akinunua na mtu mfupi akiuza, nani anapata hasara? Njia nzima waligombana juu ya jambo hilo.

Pembe zilipimwa kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35. Kwa hiyo mpagazi aliyebeba ratili 70 alibeba frasila mbili. Pembe zilikwenda mpaka Unguja, na kutoka huko zikapelekwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani, zikafanywa vitana, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Kati ya mwaka 1861 na 1865 Wamarekani walipigana wao kwa wao, na viwanda vyao vikakosa pamba. Merikani ikapungua Unguja, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Vita vilikuwa ng'ambo ya bahari mbili, lakini aliyenunua nguo Tabora alivisikia mfukoni.

Nimekwisha kutaja shanga, nguo na pembe. Sasa nitamtaja mtu mmoja, ili tuone masomo haya yalivyoingia katika kichwa cha kijana. Jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Pengine baadhi yenu mmekunja uso kulisikia jina hilo. Mna haki, nasi tutafika huko.

Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Alipokuwa mtoto alisoma chuoni, akajua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Alipopata miaka 12 alianza safari ndogo za biashara ya sandarusi pamoja na jamaa zake. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mkazi wa Tabora mwenye heshima, na alimwoa Karunde, binti Mtemi Fundikira. Hamed alipofika miaka kama 18, alifuatana na baba yake bara.

Wakati ulipofika wa kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Urua, baba alitaka kumkabidhi mtu mwingine mali yote, na kijana afuate chini yake. Hamed alikataa. Hakutaka kusafiri kama mtoto wa kushikwa mkono huku mali ya baba yake ikishikwa na mgeni. Ama apewe yeye, ama arudi. Baba akakubali, akampa. Sisi wazazi jambo hili linatupa shida, sivyo? Ukimpa kijana mali mapema anaweza kuiangamiza. Usipompa hatajifunza.

Huko Urua alikuta wenzake wote wakigombania pembe kubwa, na kwa sababu ya ugomvi huo bei yake imepanda. Pembe ndogo hazikutakiwa na mtu. Yeye akanunua ndogo. Wakubwa wake wenye safari nyingi walifuata desturi, kijana akafuata hesabu. Zilipouzwa, alipata faida nzuri. Hapakuwa na mwalimu aliyemfundisha hivyo. Alikuwa amepiga hesabu ya jumla: nimetoa nguo kiasi gani, nitapata frasila ngapi, mpagazi atabeba ngapi, na frasila moja huko pwani ni kiasi gani.

Baada ya hapo alikuza kazi yake kwa mali ya kukopa. Mfahamu kwamba karibu biashara yote ya njia hii ilikuwa ya mkopo. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja waliwapa wenye misafara nguo, shanga na baruti. Mwenye msafara aliandika hati, akaenda bara mwaka mmoja au zaidi, akarudi na pembe za kulipia, na bei aliyoandikiwa ilikuwa kubwa kuliko ya fedha taslimu. Mkopeshaji mkubwa wa Tippu Tip alikuwa Taria Topan, tajiri mashuhuri wa Unguja. Wako wafanyabiashara waliokaa Tabora mpaka kufa kwa sababu waliogopa kurudi pwani, ambako deni lilikuwa linawangoja. Mtu aliwaona barazani wakinywa kahawa, akadhani ni matajiri waliostarehe.

Hapo ndipo kusoma kulipokuwa na nguvu. Hati ya deni iliandikwa. Barua za bei ziliandikwa na kupelekwa na misafara. Aliyejua kusoma aliijua hati yake. Asiyejua alimtegemea anayesoma. Marehemu babu yangu aliuza asali na nta maisha yake yote, na kila mara alitia dole gumba katika karatasi ambayo hakujua imeandikwa nini. Baada ya kufa kwake tulizikuta karatasi hizo ndani ya kibuyu. Mjomba wangu alizisoma moja moja, na usiku ule hakuna aliyekula. Sitasema zaidi.

Sasa turudi kwa Tippu Tip, na tuseme lile linalowakunja uso. Kampuni yake, kama tunaweza kuiita kampuni, haikujengwa kwa pembe ndogo na hesabu nzuri tu. Ilijengwa pia kwa bunduki. Mwaka 1867 alimpiga mtemi Nsama wa Itabwa, akachukua pembe nyingi mno. Alipofika mbali zaidi, katika nchi za Manyema na Kongo, watu wake waliteka vijiji, na watu waliotekwa wakatumikishwa, wakabebeshwa pembe, wakauzwa. Aliporudi Unguja mwaka 1882, baada ya kukaa bara kama miaka 12, alikuwa mmoja wa watu mashuhuri wa Afrika. Mwaka 1887 aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Alifariki Unguja mwaka 1905.

Kabla ya kufa aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Kiswahili ambavyo mtu ameeleza maisha yake mwenyewe, na Mjerumani Heinrich Brode alivipiga chapa kwa herufi tunazozitumia sisi. Ukikisoma kitabu hicho utaona mambo mawili. Utaona mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu ya hesabu: frasila hizi, deni hili, siku kadha wa kadha za safari. Tena utaona kwamba watu waliotekwa wanapita haraka sana, kwa maneno machache, wengi wao bila majina. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilistaajabia akili yake. Mara ya pili nilianza kuwatafuta wale wasio na majina. Daftari lake limeandika pembe ilikuwa na uzito gani. Halikuandika nani aliibeba, ametoka kijiji gani, wala kama alifika. Pembe ile ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Mwanafunzi wa biashara anayejumlisha faida peke yake amefanya nusu ya hesabu.

Miaka ikapita. Wajerumani wakaja, na mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe akafa akipigana nao, akijilipua ndani ya ngome yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya mabega ikaisha. Waingereza wakafungua shule ya serikali hapa Tabora mwaka 1925, kwanza kwa wana wa watemi. Mji wa kungoja wapagazi ukawa mji wa shule.

Na katika shule hizo alikuja kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere. Alisoma shule ya serikali ya Tabora tangu mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, na mwaka 1946 akarudi Tabora kuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Maria ya mapadre. Alifundisha elimu ya viumbe na historia. Hayo mengi mnayajua. Ambayo hayasimuliwi mara nyingi ni mambo aliyofanya baada ya kengele ya shule.

Aliwafundisha watu wazima wa mji Kiingereza bila malipo. Ndiyo, darasa kama hili lenu. Pamoja na wenzake wa chama cha TAA alianzisha duka la ushirika, la kuuza vitu vya kila siku kama sukari, unga na sabuni. Tena kwa muda mfupi alifanya kazi ya serikali ya kukagua bei. Siku zile, baada ya vita vya 1939 mpaka 1945, bidhaa zilikuwa haba na serikali ilipanga bei ya vitu. Mkaguzi aliingia dukani, akauliza bei, akaandika. Nyerere aliandika aliyoyaona, kwamba bei zinazotozwa si zile zilizopangwa. Wakubwa hawakuzishughulikia taarifa zake. Akaiacha kazi hiyo.

Tazameni sasa mtu huyu. Mchana anafundisha. Jioni anafundisha tena. Kuna duka la kusimamiwa, kuna mikutano ya chama, na bado usiku anasoma yeye mwenyewe, maana alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kuingilia chuo kikuu, mtihani wa Chuo Kikuu cha London. Aliufaulu Januari 1948. Aliomba fedha za masomo, akanyimwa. Akaomba mara ya pili, akapata. Aprili 1949 aliondoka kwenda Uingereza, akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, na kati ya masomo aliyosoma huko ni uchumi na historia. Alipata shahada yake mwaka 1952.

Duka la ushirika la walimu na makarani halikuwa kubwa. Ukiliweka kando ya ghala za pembe za Tippu Tip, ni kama kibaba kando ya gunia. Lakini waliolianzisha walikaa mezani kuuliza swali ambalo barazani kwa wenye tembe halikuulizwa: sukari hii imenunuliwa kiasi gani, inauzwa kiasi gani, na anayeinunua ana nini mfukoni?

Sasa kazi ya darasa. Kabla ya kukutana tena, kila mmoja aende katika maduka matatu ya mtaa wake. Aulize bei ya sukari kilo moja, sabuni mche mmoja, na unga kilo moja. Aandike bei hizo kwa mkono wake mwenyewe, katika mistari mitatu, pamoja na tarehe. Walio na maduka wasiulize katika duka lao. Waende kwa jirani, naye jirani aje kwao. Mwalimu wa darasa atachora jedwali ubaoni na kila mtu atasoma aliyoyaandika kwa sauti. Kwaherini.